Nilipanda Uyole, Nikaamka Kyela

Joto ndilo lililoniamsha. Nilikotoka asubuhi ile ya Juni walinzi walikuwa wanaota moto wa mkaa getini, nami nilikuwa nimevaa sweta zito na koti juu yake. Sasa jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikafumbua macho. Nje ya dirisha la Coaster kulikuwa na miembe, michikichi, na kina mama waliopanga visado vya mchele. Konda alikuwa anafagia gari tupu. Aliniangalia vile watu wanavyomwangalia mlevi.

"Braza, si ulisema Tukuyu? Tumekuita wee, mpaka abiria wakasema tukuache, labda umefiwa."

Nilikuwa Kyela.

Anayeijua njia ile ataelewa ukubwa wa usingizi wenyewe. Gari likitoka Uyole, Mbeya, linaiacha barabara kuu ya Tunduma, linapanda Isyonje kwenye baridi na viazi, linashuka Kiwira, halafu ni migomba na chai mpaka Tukuyu, ambako wauza ndizi na parachichi huyavamia madirisha kwa kelele za kumwamsha hata maiti. Mimi nililala katika yote hayo, na mteremko wote wa kwenda tambarare ya Ziwa Nyasa nikaulala pia. Kabla ya hapo nilikuwa zamu hospitalini, sijafumba macho kwa saa 34. Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu mbili, posho ya mwezi uliopita ilikuwa haijaingia. Konda yule, Mungu ambariki, alinirudisha bure kwa sharti moja: nikae kiti cha mbele, karibu na kiwiko chake.

Nyumbani mama alikuwa ameshapiga simu mpaka salio likamwishia. Aliponiona mlangoni akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote.

"Ugonile?"

Kwa wasiokijua Kinyakyusa, hiyo ni salamu tu. Unaamkiwa nayo, unaitikia, mambo yanaendelea. Lakini ukilipasua neno lenyewe, linauliza: umelala? Tangu utotoni nilikuwa nimeiitikia maelfu ya mara bila kuisikia. Siku ile niliisikia. Nikaanza kucheka pale mlangoni, nikacheka mpaka nikashika ukuta, na mama akaacha kutabasamu. Akaniuliza kwa Kiswahili, lugha anayoitumia na mimi jambo likiwa zito: "Mwanangu, huko wanawafanya nini?"

Hospitali nilikofanyia mafunzo ya udaktari kwa vitendo sitaitaja, wala chuo nilichosoma. Siogopi. Ila niliyoyaona nimeyasikia pia kwa wenzangu waliokuwa kwingine, na mara nyingi kwa maneno yaleyale, kwa hiyo kulitaja jengo moja kungekuwa kama kulaumu nyumba moja kwa mvua iliyonyesha kijiji kizima.

Chuoni tulifundishwa kutolala kabla ya kufundishwa kusikiliza moyo. Hakuna aliyeliandika kwenye ratiba. Ukiingia mwaka wa kwanza unawakuta wa mwaka wa pili wanasimulia: fulani alipiga msuli siku tatu mfululizo akapata A ya anatomia, fulani mwingine alilala siku moja kabla ya mtihani akapata sapu, akarudia mtihani, na yule aliyekuwa anapenda mpira, je, si alidisko, akaondolewa chuo? Basi unajifunza. Mimi nilikuwa nakaa na miguu yangu ndani ya beseni la maji, kama walivyofanya wengi, ili usingizi usinishinde. Wenzetu wa Dar es Salaam wakisimulia hilo la beseni wanacheka. Waje walifanye Julai huku kwetu, saa nane usiku, na maji ya bomba.

Katika kundi letu kulikuwa na kipanga mmoja wa masomo, kijana wa Ludewa, mpole, mwenye mwandiko kama wa mashine. Yeye hakuhitaji beseni. Alikuwa analala kwa saa tatu tu kila usiku, kwa hiari yake, na sote tulikuwa tunamwonea wivu kama watu wanavyomwonea wivu mwenye gari. Nitarudi kwake.

Mwaka wa tatu tukaingia wodini. Kule nikagundua kwamba kuchoka ni namna ya kuvaa. Daktari aliyekuja na macho mekundu na koti lililokunjamana alionekana daktari kweli. Aliyekuja amenyoa na kupiga pasi aliulizwa kama ametoka likizo. Kwenye raundi bingwa akimuuliza mwanafunzi swali akashindwa, jibu lilikuwa: "Jana ulilala saa ngapi?" Na mwanafunzi mwenye akili alijua kwamba ukweli hautamsaidia. Ukisema saa nne usiku, wewe mvivu. Ukisema hukulala, angalau umejitahidi, bahati mbaya tu kichwa chako ni kizito.

Nije kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, maana huko ndiko mambo yaliko.

Ripoti ya asubuhi ni saa moja na nusu. Ukichelewa dakika tano mlango uko wazi lakini kila shingo inageuka. Baada ya ripoti ni raundi, baada ya raundi ni kazi za raundi: kutoa damu, kupeleka fomu maabara, kutafuta majibu ya jana, kuwaandikia wanaoruhusiwa. Jioni, kama zamu ni yako, wenzako wanaondoka unabaki. Usiku ni wako wewe na manesi wawili. Asubuhi saa moja na nusu ripoti tena, na anayesimama mbele kuwasoma wagonjwa waliolazwa usiku ni wewe uliyewalaza. Halafu raundi. Halafu kazi za raundi. Ukitoka saa kumi jioni, shukuru. Kesho yake unarudi, na keshokutwa huenda zamu ni yako tena, hasa kama mwenzenu mmoja anaumwa.

Mwenzetu mmoja mwenye kaka mwanasheria alituletea nakala ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwamba mfanyakazi asizidishe saa 12 kwa siku hata ukijumlisha za ziada. Tuliisoma kwa sauti katika chumba cha zamu, tukiwa tumekaa kwenye godoro lisilo na shuka, tukafurahi kama watu wanaosoma bei za hoteli ya watalii. Sisi tulikuwa wanafunzi tulipouliza habari za saa, na tulikuwa madaktari ilipotakiwa mtu wa kubaki. Tulikuwa pia tumekua tukisikia habari za mgomo wa madaktari wa 2012, uliochochewa na madaktari wa mafunzo waliodai posho zao, na jinsi ulivyowafikisha watu pabaya. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Na kuna kitabu. Kila intani, yaani daktari wa mafunzo kwa vitendo, ana kitabu chake cha kusainiwa: umefanya hiki mara ngapi, umeona kile mara ngapi, na mkuu wa idara anaweka sahihi kwamba umefuzu. Bila sahihi humalizi, na bila kumaliza Baraza la Madaktari halikupi usajili kamili. Kwa hiyo yule anayekuambia "kaa" ndiye mwenye kalamu. Sijawahi kumsikia mtu akitishiwa kwa maneno. Haikuhitajika.

Nilipokuwa wodi ya upasuaji nilifanya jambo ambalo hadi leo nalionea fahari kidogo, ingawa lilitokana na hasira. Nilichukua daftari nikaandika saa zangu za wiki moja. Zilifika 97. Nikaona haitoshi kujua jumla, nikaanza kuweka herufi pembeni ya kila saa. M ilikuwa ya mgonjwa: nilikuwa namhudumia mtu, kwa mkono au kwa karatasi. S ilikuwa ya kusubiri, iwe damu, majibu, umeme au ufunguo wa stoo. Na H ilikuwa ya heshima. H ni saa uliyosimama kwa sababu mkubwa wako amesimama. Ni saa uliyoshika faili ambalo hakuna aliyelihitaji. Ni zile dakika 90 baada ya kazi kwisha, wote mmekaa kwenye benchi mkitazama mlango, kwa sababu daktari mkubwa bado yuko ofisini kwake anaongea na simu na haiwezekani ukapita mbele ya mlango ule na begi begani.

Saa za H wiki ile zilikuwa 19.

Nimezunguka na namba hiyo miaka mingi. Wanaosema tunachoka kwa sababu madaktari ni wachache hawasemi uongo. Nenda wodi yoyote ya mkoa huku kwetu uhesabu vitanda, halafu uhesabu makoti meupe. Ajali moja ya lori na noah katika barabara ya Tunduma inajaza chumba cha upasuaji usiku mzima, na pale hakuna wa kumuuliza kama amelala. Hilo ni deni la nchi, si la mtu. Lakini saa 19 zile hazikuletwa na uchache wa madaktari. Tulikuwa wachache, tumechoka, na bado tukapata wa kuwasimamisha bure ukutani kama mapambo.

Sasa niseme la mtoto.

Ilikuwa wodi ya watoto, saa tisa na kitu usiku, saa ya 20 na ushei ya zamu yangu. Akaletwa mtoto wa siku mbili, kilo tatu kamili, ana homa na amegoma kunyonya. Jambo hilo kila intani analijua: damu ya vipimo, kanula, ampisilini na gentamisini, bila kuchelewa. Gentamisini kwa mtoto kama yule ni miligramu 5 kwa kila kilo. Tano mara tatu. Nikaandika kwenye faili, nikampa sista, nikageukia mgonjwa mwingine.

Sista mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, karibu kustaafu, mwenye shali ya kufuma aliyoivaa juu ya sare mwaka mzima. Alinifuata akiwa na vichupa viwili vya dawa kiganjani.

"Dokta, huyu mtoto ana kilo ngapi?"

"Tatu, sista."

"Gentamisini yetu ni kichupa cha 80. Tangu nianze kazi sijawahi kufungua kichupa cha pili kwa mtoto mchanga. Hebu soma tena hapa."

Nikasoma. Niliona 150, na nikaona iko sawa. Nikamrudishia faili nikamwambia iko sawa, mpe. Hakuondoka. Nikasoma mara ya pili, nikarudia hesabu kimoyomoyo, tano mara tatu, nikapata mia na hamsini, na nikaanza kukasirika: huyu mama ananichelewesha. Ndipo alipoweka kidole chake juu ya ile sifuri ya mwisho, akaifunika.

Ilibaki 15.

Dawa ile ikizidi huharibu figo, na huharibu masikio, mtoto akakua hasikii na hakuna atakayejua ni usiku gani uliomfanya hivyo. Niliandika upya mkono ukitetemeka. Sista hakusema neno. Alichota dawa yake, kidogo tu, haikufika hata robo ya kichupa, akamchoma mtoto, kisha akaniambia: "Kuna chai kwenye chupa yangu. Kanywe, ukae dakika kumi. Nikikuhitaji nitakuita." Mama wa mtoto, binti wa miaka kama 19, alikuwa amekaa kando ya kitanda na kitenge kimemteleza begani. Nilipopita akaniambia kwa unyenyekevu wote, "Pole na kazi, dokta."

Kilichonitisha hakikuwa ile sifuri. Sifuri huponyoka hata mkono wa mtu aliyelala vizuri. Kilichonitisha ni kwamba nilisoma mara mbili na mara mbili nikaona sawa, tena kwa uhakika wa mtu ambaye hana shaka yoyote. Uchovu ulikuwa umekwisha kuiba kile kipimo ambacho kingeniambia nimechoka. Asubuhi kwenye ripoti niliwasoma wagonjwa wangu kumi na mmoja, nikamtaja na mtoto yule: amelazwa, ameanzishiwa dawa, anaendelea vizuri. La sifuri sikulisema. Bingwa akaniambia mbele ya wote, "Umekuwa na usiku mzito na umeumudu." Nikajisikia vizuri! Hilo nalo naliandika.

Miezi kadhaa baadaye nikaanza kusoma habari hizi, mwanzoni kwa simu, usiku, kwenye zamu, jambo ambalo lina kichekesho chake. Nikakuta kwamba 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha katika jarida la Nature majaribio yao: mtu aliyekaa macho saa 24, utendaji wake wa macho na mikono hushuka kama wa mtu mwenye pombe ya takriban asilimia 0.10 kwenye damu. Nikaikumbuka stendi ya Uyole alfajiri, trafiki akiwapimisha madereva wa mabasi ya Dar es Salaam pumzi. Basi lile la kilomita zaidi ya 800 hubeba madereva wawili wapokezane usukani, na abiria akimwona dereva anasinzia atapiga kelele gari lisimame. Abiria wangu mimi alikuwa na kilo tatu.

Nikasoma pia habari za William Halsted, daktari wa upasuaji wa Johns Hopkins kule Baltimore, aliyejenga mwishoni mwa karne ya 19 ule mtindo wa vijana kuishi hospitalini miaka na miaka, usiku na mchana, mpaka wawe mabingwa. Mwenyewe alikuwa amenaswa na kokeini, baadaye na mofini. Na nikasoma habari za Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyefia hospitalini New York mwaka 1984, saa chache baada ya kulazwa, usiku, mikononi mwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengi wengine. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali kunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mpaka wa saa 80 kwa wiki, na 2003 mpaka kama huo ukawekwa Marekani nzima. Saa 80! Nilipoisoma namba hiyo nikaona wivu, nikawaza hao wanapumzika. Fikiria mtu amefikia kutamani saa 80.

Yule kipanga wa Ludewa alikuwa idara nyingine wakati huo. Tulionana kwenye mgahawa wa mama ntilie nyuma ya hospitali, akaagiza wali maharage akaukodolea macho mpaka ukapoa. Mwandiko wake ulikuwa umebadilika. Nilijua kwa sababu nilikuwa nakutana na mafaili yake. Alikuwa anaacha herufi, baadaye anaacha maneno. Jioni moja alimfuata mkuu wake akaomba wiki moja ya kupumzika, akasema halali hata akipata nafasi ya kulala, na kwamba kuna asubuhi anasimama nje ya geti nusu saa miguu inakataa kuingia. Akajibiwa kwamba udaktari si wa kila mtu. Kesho yake hakuja, wala kesho yake nyingine. Tulimpigia, simu imezimwa. Kwenye chumba cha zamu tulisema nini? Tulisema, "Kumbe alikuwa laini." Mimi nilikuwepo, na kama si mimi niliyelisema neno hilo basi niliitikia kwa kichwa.

Alikaa kwao mwaka mzima na zaidi. Dada yake ndiye aliyempeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Baadaye alirudi akamalizia mahali pengine, na leo yuko kituo cha afya cha wilaya moja, ana mke na shamba la chai. Nilipompigia kumwomba ruhusa ya kumwandika alinipa, akaniuliza swali moja tu: "Hivi mlisema nini nilipoondoka?" Nikamwambia. Akakaa kimya, halafu akasema, "Hata mimi ningesema hivyo."

Ningependa kusema kwamba baada ya hayo yote nilikuwa mtu tofauti. Haikuwa hivyo. Nilimaliza, nikasajiliwa, nikaajiriwa, na mwaka wangu wa pili kazini nikapewa kusimamia maintani na wanafunzi. Siku moja, saa tisa alasiri, binti mmoja wa mwaka wa nne alinifuata, akasimama mbali kidogo, akaniambia, "Shikamoo dokta. Naomba dakika kumi na tano nikale, nina vidonda vya tumbo." Tulikuwa hatuna la maana tunalofanya. Nilikuwa naongea na mwenzangu habari za mpira, Mbeya City na Prisons. Nikamwambia, "Sisi tulikuwa tunakula kesho yake." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kile kicheko cha kuomba radhi, akarudi ukutani kusimama na faili lake.

Sikuona kitu. Nilikuja kuona usiku nyumbani, nikitafuta cheti fulani kwenye sanduku, lilipoanguka lile daftari la wodi ya upasuaji. Nikalifungua. M, M, S, H, H, H, M. Nikakaa kitandani nalo. Nilikuwa nimekuwa herufi H ya mtu. Na nilikuwa nimeifanya bila chuki yoyote, kwa raha kabisa, vile mtu anavyomtania mdogo wake. Nadhani ndivyo ilivyokuwa hata kwa wale waliotusimamisha sisi. Walikuwa wanatupitisha jandoni, na aliyepita jandoni hataki kusikia kwamba kisu kingeweza kuumiza kidogo tu.

Kesho yake nilimtafuta yule binti nikamwambia, "Jana nilikukosea." Aliogopa zaidi kuliko alipoomba kwenda kula. Alidhani ni mtego.

Niliyoyabadilisha ni madogo na mengine hayakufaulu. Nilianza na benchi: kazi ikiisha, natangaza kwa sauti kwamba kazi imeisha, na mimi mwenyewe nachukua begi langu natoka wa kwanza, maana niligundua hakuna ruhusa wanayoiamini isipokuwa mgongo wa mkubwa ukipotea getini. Saa za H zilipungua ndani ya wiki moja bila kuongeza daktari hata mmoja wala kuandika barua kwa yeyote. Halafu nikapanga kwamba aliyekesha aondoke saa nne asubuhi baada ya kukabidhi wagonjwa wake. Hapo ndipo palipokuwa na miiba. Mwenzangu wa idara jirani akaniambia unawalea, utatuletea madaktari wa mayai. Hilo nililitegemea. Sikutegemea la kukabidhiana. Wiki ya tatu, majibu ya damu ya mama mmoja yalitoka saa tano asubuhi, mtu aliyeyaomba ameondoka saa nne, aliyepokea hakuambiwa, na mama yule akakaa na damu pungufu mpaka jioni kabla ya mtu kugutuka. Aliongezewa damu, akapona. Lakini mwenzangu alinitazama, na sikuwa na la kumjibu.

Marekani nako walikumbana na hili. Mwaka 2011 waliwawekea madaktari wa mafunzo wa mwaka wa kwanza mpaka wa saa 16 mfululizo, na 2017 wakarudi kwenye 24, moja ya hoja ikiwa ni hiyohiyo ya mgonjwa kupita mikono mingi. Kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba ukikata saa mambo yananyooka yenyewe. Sisi tulinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, la mahesabu ya dukani, tukaliweka mezani kwa sista. Hakuna anayetoka bila kuandika: mgonjwa gani, anasubiri nini, nani amepokea, sahihi mbili. Wiki za mwanzo waliandika ovyo. Sista mmoja akaanza kukataa kumfungulia mlango asiyeandika, na likanyooka kwa sababu ya yeye zaidi kuliko mimi.

Yule sista wa shali amestaafu. Nilimtembelea kwake, nikamkumbusha habari za mtoto wa kilo tatu na ile sifuri. Hakukumbuka. Alifikiri kidogo, akasema kwamba sifuri alizozifunika ni nyingi, nilidhani ni mimi peke yangu?

Bado naenda nyumbani mara mojamoja nikitoka zamu, na zamu za usiku bado zipo, bado ndefu kuliko inavyotakiwa. Konda yule wa Kyela siku hizi ana gari lake mwenyewe. Nikipanda Uyole ananitazama machoni kabla ya kunitazama tiketi, halafu anamwamuru abiria wa kiti cha mbele ahamie nyuma. "Mpishe dokta hapo," anasema, "huyo tukimkosa Tukuyu atatuvusha mpaka Malawi."